Chevrolet na Ford Kabatini, Lori la Waya Mavumbini

Katika kabati la kioo lililomo sebuleni mwangu hapa Tunduma, mpakani na Zambia, baina ya mafaili ya forodha ambayo sijapata moyo wa kuyachoma na vikombe vya kahawa alivyoniachia marehemu mama yangu, vimekaa vigari viwili vya Kimarekani, kila kimoja urefu wake takriban shibiri moja, cha kwanza kikiwa mfano wa Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, rangi yake buluu iliyofifia, na cha pili mfano wa Ford Fairlane 500 Skyliner ya mwaka uo huo, nyekundu chini na nyeupe juu. Wageni wangu huvitazama kwa adabu, huuliza nimevipata wapi, kisha mazungumzo huhamia kwenye foleni ya malori, kwa kuwa katika mji huu hakuna mazungumzo yasiyofika kwenye foleni ya malori. Leo namwomba msomaji wasaa kidogo, tuvikalie kitako vigari hivi, kwani kwa miaka niliyovitazama vimenifundisha jambo ambalo nadhani linatuhusu sisi wa mkoa wa Songwe kuliko linavyowahusu Wamarekani wenyewe.

Niseme kwanza jinsi vilivyonifikia, maana mtu wa forodha hawezi kuzungumzia kitu kabla hajataja kilikotoka. Chevrolet nilipewa hidaya na dereva mmoja wa Ndola, Zambia, ambaye, zama zile nilipokuwa wakala wa kupitisha mizigo, karatasi zake zilikwama siku kumi na moja, naye akalala siku zote hizo ndani ya lori lake upande wetu wa mpaka, akila ugali wa mama lishe na kunywa chai yangu. Safari iliyofuata alirudi na kisanduku kilichoviringishwa gazeti, akaniambia kwamba baba yake, aliyekuwa mchimbaji wa shaba, alipata kuliona gari la namna hiyo kule Kitwe akiwa kijana, wala hakulisahau mpaka anaingia kaburini. Ford niliinunua mwenyewe katika robota la mitumba ya vyombo vya kuchezea, ikiwa imekosa kioo cha ubavuni na gurudumu moja limelegea, kwa bei ambayo muuzaji aliitaja akiwa na hakika kwamba nitamcheka. Sikucheka. Nilijua kwamba ninachokiona ni hasimu wa yule aliyekwisha kukaa nyumbani kwangu, na mahasimu hawapendezi kuachwa mbalimbali.

Uhasama wao ulikuwa wa kweli. Katika Marekani ya miaka ya 1950, ambako vita vilikuwa vimekwisha na viwanda vilivyokuwa vikiunda vifaru na ndege vimerudia kazi ya kuunda magari, na ambako mfanyakazi wa kawaida aliweza kuvaa gari jipya kila baada ya miaka michache kama mtu avaavyo kanzu ya Idi, makampuni mawili yalikuwa yakigombea nafasi ya kwanza, Ford upande mmoja na Chevrolet, iliyo mali ya General Motors, upande wa pili. Plymouth ya Chrysler ilikuja nyuma yao, ingawa mwaka 1957 mchoraji mkuu wa Chrysler, Virgil Exner, aliwatia wote wawili hofu kwa magari yake marefu, ya chini, yenye mapezi yaliyoinuka mkiani. Kila mwaka umbo lilibadilishwa na kromu ikaongezwa, kwa makusudi hasa kwamba jirani aliyenunua mwaka jana ajione amekwisha pitwa na wakati. Chevrolet ilikuwa imejipatia jina mwaka 1955 kwa injini mpya ya silinda nane, ndogo na nyepesi, ya lita 4.3, na mwaka 1957 injini hiyo ikatanuliwa ikafika lita 4.6, lakini mwaka huo Chevrolet ilikuwa inavaa nguo mpya juu ya mwili wa miaka mitatu, ilhali Ford ilikuja na mwili mpya kabisa, mrefu zaidi na uliolala zaidi, na kwa hesabu ya magari ya modeli ya mwaka huo Ford ikamzidi hasimu wake kwa magari zaidi ya laki moja.

Hapo ndipo penye ajabu. Mnunuzi alichagua Ford, kumbukumbu ikachagua Chevrolet. Mtajie mtu leo gari la Kimarekani la miaka ya hamsini, naye aghalabu ataiona moyoni ile Chevrolet ya 1957, awe ameikuta katika filamu, katika kalenda ya ukutani, au katika picha za mitaa ya Havana ambako magari ya zama hizo yangali yakibeba abiria. Kizuri chajiuza, walisema wahenga, nami sina ugomvi nao. Ila katika shauri hili kibaya hakikuwapo, na kilichouzwa zaidi hakikuwa kile kilichokuja kupendwa zaidi.

Sababu ya jambo hilo haionekani vyema katika gari lenyewe, ambalo hunguruma, hunukia petroli, lina bei yake na lina mwenyewe wa kukuringia. Huonekana katika mfano wake mdogo. Mfano huondoa injini, huondoa bei, huondoa na tangazo la muuzaji, ukaacha umbo peke yake juu ya meza, hapo tena jicho likawa kadhi. Nikiviweka vigari vyangu ubavu kwa ubavu juu ya karatasi ya miraba, Chevrolet hupata sentimeta 21 na milimita 2, Ford hupata sentimeta 22 na milimita 3, kwani gari halisi la kwanza lina urefu wa mita 5.08, la pili mita 5.35, na vigari vyote viwili vimeundwa kwa kipimo cha 1 kwa 24. Tofauti hiyo ya milimita 11 haifiki upana wa ukucha wa kidole gumba, nayo yatosha kuyatenga magari haya kama watu wawili wenye tabia mbili. Chevrolet, kwa ufupi wake, imejaa: pua imeinuka, juu ya boneti vimelala vipande viwili vya kromu mithili ya risasi, wavu wa mbele una rangi ya dhahabu, na ubavuni kuelekea nyuma pana pembetatu ndefu ya alumini yenye mistari myembamba, ambayo humwongoza mtazamaji, atake asitake, mpaka kwenye pezi lililosimama wima. Ndani ya pezi la kushoto, nyuma ya ukanda wa kromu, ndiko kilikofichwa kifuniko cha tangi la mafuta, na aliyeunda kigari changu amekumbuka kuuchora ufa wake, unene wa unywele, mahali ambapo watu tisa katika kumi hawatatazama kamwe.

Ford yenyewe imetulia. Mstari wake wa ubavuni hauna pupa, mapezi yake yameegemea nje kidogo kama mtu anayesikiliza, na taa zake za nyuma ni duara mbili kubwa zisizotaka maelezo. Boneti yake ina bawaba mbele, kwa hiyo hufungukia upande wa kioo, kinyume cha ilivyo ya Chevrolet. Na hili ndilo ninalolitazama kwanza kila nioneshwapo Ford ya 1957 iliyoundwa kwa kipimo: nafungua boneti, nikiikuta inafunguka kwa mbele kama magari mengine, najua kwamba fundi hakulitazama gari, alitazama picha. Na juu ya hayo yote lipo paa. Skyliner ilikuwa na paa la chuma ambalo, dereva akibonyeza swichi, mfuniko wa buti huinuka ukielekea nyuma, paa nalo hunyanyuka, ukingo wake wa mbele hujikunja, na lote zima huzama ndani ya buti, gari likabaki wazi kama mashua. Kazi hiyo ilifanywa na mota za umeme na nyaya ambazo mafundi wa siku hizo, ambao kompyuta hawajaiona ndani ya gari, walizipanga zipokezane zamu moja baada ya nyingine bila kugongana. Paa likisha kulala humo, msafiri alibakiwa na nafasi ya kikapu kimoja. Ziliundwa kwa miaka mitatu tu, 1957 hadi 1959, jumla yake zikiwa takriban 48,000, kisha kampuni ikaona gharama ni kubwa mno, ikaacha.

Hukumu yangu kwa muda mrefu ilikuwa hii: kama sanamu, Chevrolet imeshinda, kwa sababu hata ukizima taa na kuacha kivuli chake tu ukutani, mtu ataitambua, ilhali Ford haikuoneshi akili yake mpaka uifungue. Nilikuwa nimeridhika na hukumu hiyo kiasi cha kuirudia mbele ya watu wasioniuliza.

Hata hivyo mfano nao ni muongo, na mwenye insafu hana budi kuutolea ushahidi uongo wake. Ukipunguza urefu mara 24, na upana mara 24, na kimo mara 24, ujazo umepungua mara 13,824. Gari la kilo 1,500, kwa hesabu hiyo, lingepasa kuwa na uzito wa gramu zisizotimia 110, na Chevrolet yangu, iliyomiminwa kwa mchanganyiko wa zinki na alumini, ina uzito wa mkate mdogo. Chembe zinazometa katika rangi ya magari hazikubali kupunguzwa, hivyo kigari kilichopakwa rangi ya metali huonekana kana kwamba kimenyunyiziwa changarawe. Na yako mifano ambayo uongo wake ulikuja kudhihirika baadaye: wauzaji wa magari wa Marekani wa miaka hiyo walikuwa na vigari vya plastiki vya kipimo cha 1 kwa 25, vilivyoundwa na makampuni kama AMT kwa rangi zile zile za kiwandani, ili mteja alione gari mezani kabla hajalitafuta uwanjani, na mtoto wake apate cha kulilia, lakini plastiki ya kwanza ya vigari hivyo ilikuwa ya asetati, nayo kwa kupita miaka ikapinda kama mshumaa uliosahauliwa juani, boneti zikabenuka, magurudumu yakaachana na ardhi, hata leo kilichobaki kimenyooka ni johari kwa wakusanyaji.

Msomaji atauliza kama magari haya yalipata kukanyaga ardhi yetu. Machache. Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza, na baada ya Vita vya Pili nchi zote zilizotumia fedha ya Mwingereza zilizuiliwa kutumia dola ovyo. Barabara zetu zikawa za Bedford, Austin na Land Rover, na baadaye Peugeot. Kusini mambo yalikuwa mengine, kwa kuwa Ford na General Motors zote mbili zilikuwa na viwanda vya kuunganisha magari huko Port Elizabeth, Afrika Kusini, tangu miaka ya 1920, na magari yaliyotoka humo yakiwa na usukani kulia yalipanda mpaka kwenye miji ya shaba, ndipo baba wa rafiki yangu akaiona aliyoiona. Kigari alichonipa kina usukani kushoto. Hakuligundua hilo mpaka nilipomwonesha, akahuzunika kidogo, kana kwamba nimemwambia kuwa picha ya marehemu baba yake imechapishwa kinyume.

Sisi wa mpakani magari tuliyoyajua ni malori. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa uasi, na njia ya mafuta ya Zambia iliyopita kusini ikafungwa, nchi ile isiyo na bahari, iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, ikabaki inatazama upande wetu. Na barabara ya udongo itokayo Dar es Salaam mpaka Tunduma ikajaa malori yaliyopakia mapipa ya mafuta kwenda na shaba kurudi, mchana vumbi, masika tope, na malori yaliyopinduka yakawa alama za njia hata watu wakaiita barabara ya jahanamu. Yalikuwamo malori ya Fiat ya Mtaliano, yaliyokuwa ya kampuni ya uchukuzi iliyoundwa na serikali zetu mbili mwaka 1966. Kisha kila taifa likaleta lake: bomba la mafuta la TAZAMA la kilomita 1,710 mpaka Ndola likafunguliwa mwaka 1968, Wachina wakajenga reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi baina ya mwaka 1970 na 1975, na Mmarekani, ambaye hakutaka kuonekana amekaa bure, akagharimia sehemu kubwa ya barabara ya lami ya upande wa Tanzania. Kwa hiyo Bel Air hakutuletea. Alituletea lami, na juu ya lami hiyo leo zinapita Freightliner na International za kwao, zikiwa zimechoka kule na kuanza maisha mapya huku, zikipigania nafasi katika foleni moja na Scania, Volvo, DAF na Howo ya Mchina.

Na hapa ndipo yalipo mashindano yetu, wala hayahitaji kabati la kioo. Pita jioni katika mtaa wowote wa Tunduma, au Vwawa, au Mlowo, utawakuta watoto wanasukuma malori ya waya: fremu ya waya wa uzio, kichwa cha kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu ya soli za ndala zilizokatwa kwa wembe, vizibo vya soda vikiwa rimu, na ufito mrefu wenye usukani wa duara unaofika kifuani, ambao ukiuzungusha magurudumu ya mbele hugeuka kwelikweli. Watoto hao hawaundi lori tu, kana kwamba lori ni moja. Anayeunda Scania hujua kwamba uso wake lazima uwe na mistari ya kulala, mmoja juu ya mwenziwe. Anayeunda Freightliner ya pua ndefu hasahau bomba la moshi lililosimama wima nyuma ya kichwa. Na anayeunda Howo, akipitiwa akauweka uso wa Scania, hatasamehewa na wenzake mpaka giza liingie. Nimewasikia wakibishana kwa ukali na ufasaha ambao nilikuwa nadhani ni wa mawakili tu. Hawana karatasi ya miraba, hawana milimita, lakini wanalo lile ambalo fundi wa boneti iliyofunguka kinyume hakuwa nalo: wamelitazama gari. Na wanapata muda mwingi wa kulitazama, maana hata baada ya kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kufunguliwa Oktoba 2019 ili kufupisha safari za karatasi, malori bado husimama hapa ya kutosha mtoto kuhesabu nati za kila gurudumu.

Mjukuu wangu aliwaleta wanne wa watoto hao sebuleni. Nikawatolea Chevrolet na Ford, nikatulia kusubiri wathibitishe hukumu yangu. Waliitazama Chevrolet, wakaisifu rangi, wakairudisha. Ford hawakuirudisha. Nilipowafunulia paa, nikalikunja na kulizamisha ndani ya buti, mmoja wao, mwenye miaka kama kumi na miwili, mtoto wa fundi magurudumu, alipiga magoti mbele ya meza akaniambia, "Babu, fanya tena." Nikafanya tena. Mara ya tatu hakutazama paa, alikuwa amekwisha inamisha kichwa anatazama bawaba. Baada ya wiki moja alirudi na lori la waya ambalo kichwa chake kinainamia mbele, kama mafundi wafanyavyo pale barabarani wanapotaka kuifikia injini ya lori la uso bapa, na bawaba yake ilikuwa kipande cha spoki ya baiskeli kilichokunjwa mara mbili kwa namna ile ile aliyoiona katika paa la Ford. Na ndani, mahali pa injini, aliweka betri kuukuu ya redio, kwa sababu, alisema, kichwa kikifunguka lazima kuwe na kitu cha kuona. Siku hiyo nilibadili hukumu yangu, na naitangaza hapa bila haya: Chevrolet ni umbo zuri, lakini Ford ni mwalimu, na mfano wa gari usiomfundisha mtoto kitu ni pambo la sebule ya mzee.

Lori lile halikuishi. Mtoto alilipeleka shuleni, shule ambayo sitaitaja, akaonywa kwamba darasa si jalala, na mwisho wa juma, ilipofagiliwa stoo, lori lilikwenda na takataka. Aliniambia habari hiyo akiwa amesimama mlangoni, bila kulia, kwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha zoea. Sikupata cha kumjibu.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipokumbuka habari moja ya hao hao Wamarekani. Kuanzia mwaka 1930 hadi 1968, Fisher Body, kitengo cha General Motors kilichokuwa kikiunda bodi za magari, kilisimamia chama cha mafundi vijana ambacho kila mwaka kiliwashindanisha wavulana wa nchi nzima katika kuunda mifano kwa mikono yao. Mwanzo walitakiwa kunakili gari la farasi la enzi ya Napoleon, lililokuwa nembo ya kampuni, kazi ya mamia ya saa, pamoja na nakshi, bawaba na mapazia yake. Na tangu mwaka 1937 wakaruhusiwa kubuni gari la kwao wenyewe, kwa kipimo cha 1 kwa 12, wakalichonga kwa mti au kulimimina kwa plasta, wakalipiga msasa na kulipaka rangi katika vyumba vya chini ya nyumba zao. Walioshinda hawakupewa kikombe cha bati wakapigwa picha. Walilipiwa ada za vyuo vikuu, na si wachache walioishia katika idara za kubuni magari za viwanda vile vile. Wakati huo huo Harley Earl, aliyeongoza idara hiyo ya General Motors mpaka mwaka 1958, alikuwa amewazoeza wakubwa wake kwamba gari hufinyangwa kwanza kwa udongo, likazungukwa na kutazamwa, kabla chuma hakijakatwa. Ndiyo kusema mapezi ya Chevrolet iliyomo kabatini mwangu yalitoka katika kiwanda kilichokuwa kinajua kwamba kazi kubwa huanza kwa mfano mdogo, na kwamba mkono wa mtoto ni mali. Wasichana hawakuruhusiwa kushindana, kosa ambalo sisi hatulazimiki kulirithi.

Nitaambiwa, na nimekwisha ambiwa na rafiki zangu barazani, kwamba mkoa uliozaliwa juzi, mwaka 2016, ukamegwa kutoka Mbeya, una mahitaji ya madawati, maji na zahanati kabla ya vigari vya waya. Nakubali yote hayo, tena kwa kauli moja nao. Ila jambo ninaloliomba halichukui dawati hata moja. Serikali yetu na wazazi wetu wanasema kila siku kwamba wanataka mafundi. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya VETA hufundishwa kusoma mchoro, kupima, kukunja bati, kuunga na kusawazisha. Na mtoto wa miaka kumi na miwili anayetoa bawaba katika spoki ya baiskeli amekwisha anza masomo hayo kwa gharama zake, tena bila kulazimishwa, mahali ambapo sisi tunamfukuza. Wapo wanaosema kwamba hizi ni kazi za umaskini, na kwamba mtoto akipata gari la plastiki la dukani ataliacha la waya. Pengine. Nimeyaona magari hayo ya plastiki. Huvunjika gurudumu siku ya pili, na hakuna kitu ndani yake cha kufungua.

Ombi langu basi ni hili, nalielekeza kwa wakuu wa mkoa wa Songwe, kwa halmashauri za Tunduma, Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, kwa VETA na shirika la viwanda vidogo, SIDO, na kwa wenye makampuni ya uchukuzi ambao malori yao ndiyo darasa la watoto hawa. Kila Agosti tunakwenda Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, kwa maonesho ya Nane Nane ya Nyanda za Juu Kusini, tukionesha kahawa ya Mbozi, mahindi na ng'ombe. Katika banda letu iwekwe meza moja. Juu yake yapangwe malori ya waya, ya bati na ya mti yaliyoundwa na watoto wa mkoa huu, wavulana kwa wasichana, kila moja likiwa na kikaratasi kinachotaja jina la aliyeliunda na modeli aliyoikusudia, na wawepo waamuzi watatu: dereva wa safari ndefu, fundi wa gereji na mwalimu wa ufundi. Kipimo cha kwanza kiwe uaminifu wa umbo, cha pili kiwe kinachofunguka, kinachogeuka na kinachoinama. Zawadi iwe ada ya chuo cha ufundi, ilipwe moja kwa moja chuoni, isipite mikononi mwa mtu. Na malori yatakayoshinda yasirudishwe stoo. Yatafutiwe kabati mahali pa umma hapa Tunduma, ili msafiri aliyekwama siku kumi na moja apate kitu cha kutazama.

Nimekwisha zungumza na yule mtoto wa fundi magurudumu. Ameanza kuunda Freightliner ya pua ndefu, boneti yake inainamia mbele kama ya lori halisi, na anadai betri mbili. Meza ikipatikana, mimi nitaleta Chevrolet na Ford zangu, ziwekwe pembeni.